“Najua la kufanya, mbona silifanyi?” Jibu kwa Mama Nuhu kuhusu ADHD ukubwani

SWALI

Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Dar es Salaam, nina watoto wawili na nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwezi uliopita daktari aliyempima mwanangu Nuhu, miaka 8, alisema ana ADHD, tatizo la umakini na utukutu. Kisha akanigeukia: “Na wewe mama, shuleni ulikuwaje?” Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Mimi ndiye yule anayenunua umeme wa LUKU, namba zinaingia kwenye simu, halafu tunalala gizani kwa sababu sikuziingiza kwenye mita. Kazini nina barua mbili za onyo. Mara ya mwisho nilikaa na hati za kontena siku nne bila kuzituma, kampuni ikalipishwa gharama za kuchelewa. Na si kwamba nilisahau. Nilikuwa nakumbuka kila siku! Mume wangu anasema ni uzembe. Mama mkwe anasema nikasomewe. Kaka yangu wa Mombasa anasema miraa humtuliza, kwa hiyo huenda ni mambo ya ukoo. Dada yangu wa Muscat yuko tayari kuninunulia vidonge huko. Mtu mzima anapimwaje? Dawa zenyewe si ndizo hizo za kulevya? Nikizitumia nitaweza kufunga? Na bosi nimwambie?

JIBU

Marahaba, Mama Nuhu. Pole kwa njia ile ya kurudi nyumbani.

Katika barua yako nimepigia mstari maneno manne: “Nilikuwa nakumbuka kila siku.” Asiyejali hulala usingizi. Wewe ulifungua barua pepe ileile asubuhi, moyo ukakwenda mbio, ukaifunga, na kesho yake ukarudia. Kumbukumbu ilikuwepo na uchungu wa kazi ulikuwepo. Kilichokwama ni kule kuvuka kutoka kwenye kujua hadi kwenye kuanza, na hapo ndipo ADHD ya mtu mzima inapokaa. Yote nitakayokwambia, kuanzia vipimo hadi bosi wako, nayapima kwa kivuko hicho.

Jina la Kiswahili la ADHD tunalolitumia kliniki, upungufu wa umakini na utukutu, silipendi sana. Linamchora mtoto wa kiume anayeruka juu ya madawati, na linadai umakini umepungua. Haukupungua. Hauji ukiitwa, na ukija hauondoki ukifukuzwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukesha akipanga upya makabati ya nyumba nzima usiku wa kuamkia siku ya kufunga hesabu, halafu hati ya dakika kumi ikamshinda siku nne. Njia za ubongo zinazoanzisha jambo, kulishikilia, na kulizuia jingine lisidandie, hutegemea sana kemikali mbili, dopamini na noradrenalini. Jambo jipya, au la kusisimua, au linaloungua sasa hivi, huziwasha njia hizo. Jambo muhimu la keshokutwa haliziwashi. Wenzako wanakuona unavyookoa jahazi dakika ya mwisho, wanasema: kumbe akitaka anaweza. Hapo ndipo neno uzembe linapozaliwa.

Daktari wa Nuhu hakukukosea adabu. ADHD ni miongoni mwa hali za akili zinazorithiwa zaidi. Tafiti za mapacha huweka mchango wa urithi karibu na robo tatu. Makadirio ya kimataifa ni kama watu wazima 2 hadi 3 katika kila 100. Wanawake wengi huingia chumbani kwangu kwa mlango wa mtoto, kama wewe, kwa sababu utotoni hawakuruka madawati. Walikaa kimya karibu na dirisha, wakaitwa wapole, au “huyu yuko mbali”, na hakuna mwalimu anayempeleka hospitali mtoto mpole.

Sasa kupimwa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Hili nalisema kwa hasira kidogo: nimewahi kumpokea kijana aliyeuza simu ili alipie picha ya ubongo aliyoandikiwa mahali fulani, akakabidhiwa karatasi inayosema ubongo wake hauna tatizo. Karatasi ilisema kweli. Pesa ndiyo iliyopotea.

Kipimo ni historia yako, pamoja na mashahidi wake. Mwongozo tunaoutumia wengi, DSM-5 wa mwaka 2013 kutoka chama cha madaktari wa akili wa Marekani, una dalili 9 za kukosa umakini na 9 za utukutu na papara. Mtu wa miaka 17 na kuendelea anatakiwa awe na angalau 5 za kundi mojawapo, zionekane sehemu zaidi ya moja (nyumbani na kazini, kwa mfano), ziwe zinamharibia maisha kweli, na baadhi ziwe zilikuwepo kabla ya kutimiza miaka 12. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalolipenda. Mwambie mama yako apekue sanduku la vyeti atafute ripoti zako za shule ya msingi. “Ana uwezo ila hajitumi.” “Hupoteza madaftari.” “Aache kuongea darasani.” Mstari mmoja wa mwalimu wako wa darasa la tatu, aliyeuandika bila kujua utasomwa na daktari wa akili miaka 27 baadaye, nauamini kuliko dodoso la kurasa kumi ulilojaza jana ukiwa na huzuni. Kama ripoti zililiwa na mchwa, shangazi au dada mkubwa aliyelala nawe chumba kimoja atatosha.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la maswali 6 kwa watu wazima. Lijaze ukitaka, ila ulichukulie kama chekecheo: linaonyesha nani aende kupimwa, halimpi mtu ugonjwa. Video za mtandaoni ni hivyohivyo. Kila mtu hupoteza funguo.

Kisha daktari atawasaka wezi wengine wa umakini. Atauliza kama unakoroma na kuamka umechoka. Atauliza hedhi yako, kwa sababu upungufu wa damu humfanya mtu aonekane mvivu na mwenye ukungu kichwani. Pengine atapima tezi ya shingo. Ataulizia sonona, wasiwasi, pombe, na mambo mazito yaliyowahi kukupata. Swali linalotenganisha mengi ni: tangu lini? Sonona ina mwanzo; mtu hukwambia “tangu alipofariki baba”. ADHD haina mwanzo unaokumbukwa. Na kama umewahi kupitia siku kadhaa za nguvu za ajabu, hulali na huchoki, unatumia pesa kama maji, sema hata usipoulizwa. Hiyo inaweza kuwa hali ya kupanda na kushuka kwa hisia, na dawa za ADHD zikitangulia hapo zinaweza kuchochea moto.

Kwa Dar es Salaam, idara ya afya ya akili ya Muhimbili ni pa kuanzia. Walio Dodoma wana hospitali ya Mirembe. Msomaji wa Nairobi aulizie Mathari, wa Kampala Butabika. Piga simu kwanza uulize nani anaona watu wazima wenye ADHD. Wengi wetu tulifundishwa chuoni kwamba ni maradhi ya watoto yanayoisha ndevu zikiota, na si kila mmoja amerudi darasani tangu hapo.

Kuhusu kusomewa: mama mkwe wako anakutakia heri, na dua haigombani na dawa. Nenda ukasomewe. Ninachokiogopa ni mtu kuambiwa ana jini, akatoka pale akiwa amefunga faili.

Miraa ya kaka nayo ina jambo ndani yake. Majani yale yana kathinoni, ambayo ni ndugu wa amfetamini, na amfetamini ni ukoo mmoja na dawa za ADHD. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kaka anajitibu bila kujua. Inawezekana pia kwamba hana ADHD hata chembe. Kichangamshi kidogo hunoa umakini wa watu wengi, wenye ADHD na wasio nayo. Ndiyo maana hoja ya “nikinywa kahawa nalala, kwa hiyo ninayo” haina miguu. Tofauti ya kifundo cha miraa na kidonge ni kwamba kifundo hakina kipimo. Leo kikali, kesho kimechuja, mtu anatafuna hadi alfajiri, usingizi unaharibika, na usingizi mbovu unaleta dalili zilezile alizokuwa akizikimbia. Wewe usijaribu. Huku Tanzania mirungi, yaani hiyo miraa, imepigwa marufuku kisheria, na ukiichanganya na dawa za ADHD unaupandisha moyo na presha kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Dawa, basi. Inayotumika zaidi ni methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, aliyeipa jina kutokana na mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita nyumbani. Jina linalowatisha watu ni jina la mke wa mtu. Je, ni dawa ya kulevya? Iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa sababu mtu anaweza kuitumia vibaya: akaisaga, akazidisha, akaiuza kwa wanafunzi msimu wa mitihani. Ukimeza kiasi ulichoandikiwa haikulevyi. Wagonjwa wangu hawaniambii “nilisikia raha”. Mmoja, mshonaji, alirudi baada ya wiki mbili akaniambia: “Daktari, niliona sindano imeanguka, nikainama nikaiokota. Basi.” Nikamwuliza zamani ingekuwaje. Akasema zamani angeiona, angesema ataiokota, na jioni mtoto angeikanyaga.

Dawa huanza kwa kiasi kidogo na kupandishwa taratibu, kwa kawaida wiki hadi wiki. Ya muda mfupi hukaa mwilini kama saa 3 hadi 4. Ya muda mrefu huweza kufika saa 8 hadi 12. Kabla ya kidonge cha kwanza tunapima presha, mapigo ya moyo na uzito, tunauliza kama kuna ndugu aliyefariki ghafla kijana kwa moyo, na kila kiasi kinapobadilishwa tunapima tena. Ukiandikiwa bila kuguswa na kipimo cha presha, rudisha cheti. Kero za kawaida ni kukosa hamu ya kula, usingizi kuchelewa, kichwa kuuma, na hasira fupi jioni dawa inapoisha. Hiyo ya jioni mwambie mumeo mapema, vinginevyo mtagombania chumvi. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha au unapanga mtoto wa tatu, lizungumze kabla.

Dawa hizi hazipo kila duka na huweza kuisha sokoni, kwa hiyo piga simu kabla ya kukodi bajaji. Iko nyingine isiyo kichangamshi, atomoksetini. Hiyo haijengi mazoea, lakini lazima uinywe kila siku na kusubiri wiki kadhaa ndipo uanze kuona tofauti, na mwanzoni huleta kichefuchefu. Wapo wasiopenda dawa kabisa, nao siwasukumi. Ila nami siwadanganyi: kwa mtu mzima mwenye ADHD ya kweli, hakuna ushauri nasaha unaofanya kazi ya haraka kama kidonge kilichokubali. Ushauri nasaha hufanya kazi ambayo kidonge hakifanyi, nayo nitaifikia.

Ramadhani: wengi hufunga. Dawa ya muda mrefu humezwa wakati wa daku, na mchana hupita. Tatizo la watumiaji wa vichangamshi mwezi huo si kidonge, ni usingizi wa vipande vipande na maji kidogo, ambavyo huchosha moyo uliokwisha kuchangamshwa. Panga na daktari wako mwezi mmoja kabla, usibadilishe saa mwenyewe siku ya mwandamo.

Dada wa Muscat mshukuru, umkataze. Dawa hizi ni za kudhibitiwa karibu kila nchi, na cheti ni cha mtu mmoja. Anayezibeba mfukoni kwa jina la mwingine anaweza kujikuta akijieleza uwanja wa ndege kwa kosa la dawa za kulevya, na nchi za Ghuba hazina mchezo na hilo. Hata wewe ukianzishiwa dawa na kwenda kumtembelea, usisafiri na vidonge vyako kabla ya kuulizia kibali cha nchi unayokwenda na unayopitia. Falme za Kiarabu, kwa mfano, hutaka kibali kiombwe kabla ya safari.

Nifike kwenye LUKU, maana ndani yake kuna matibabu yote yasiyo ya vidonge.

Unanunuaje umeme? Nabahatisha: ukiwa kwenye daladala, simu mkononi, umekumbuka, umelipa, namba 20 zimeingia. Kichwa chako kimeandika “tayari”. Ukifika nyumbani kuna mtoto mlangoni, kuna sufuria, na namba zile haziko tena mahali pa kuonekana. Suluhisho si kujiambia ukumbuke zaidi. Acha kununua umeme kwenye daladala. Nunua ukiwa umesimama mbele ya mita, mkoba ukiwa bado begani. Kati ya kujua na kufanya pasiwe na hatua hata moja ya kutembea.

Hamisha jambo hilo ofisini. Hati za kontena zikiingia, usiziache kwenye barua pepe zikageuka mzimu unaoutembelea kila asubuhi. Weka kengele ya simu, lakini isiandikwe “kontena”. Neno hilo ni mlima. Iandikwe “fungua hati, bonyeza tuma kwa Fulani”. Ukishindwa kuanza, na utashindwa, mwite mwenzako wa meza ya pili: “Kaa hapa dakika kumi, sitaki msaada, kaa tu.” Hili linaonekana la kitoto hadi ulijaribu. Jicho la mtu mwingine huifanya kazi ya kesho iwe ya sasa. Wazee wetu hawakulima peke yao, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya wingi wa magugu tu.

Daftari liwe moja. Najua unayo manne, mazuri, yote yameandikwa kurasa tatu za mwanzo. Chagua baya kuliko yote ulitumie hadi liishe.

Na ulimi wako uwekee breki. Wenye ADHD hukubali kazi kabla hawajapima siku, kwa hiyo jizoeze jibu moja: “Ngoja niangalie ratiba, nitakujibu saa nane.” Hilohilo kwa mikopo ya simu, ambayo hujauliza, ila kwa uzoefu wangu nusu ya mnaoniandikia mnayo. Mkopo unaochukuliwa kwa vidole viwili saa sita usiku umetengenezwa kwa ajili ya ubongo kama wako. Futa programu hizo. Zikihitajika kweli utazipakua tena, na dakika tano za kupakua ndizo tunazozitafuta.

Bosi. Maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: omba kitu kabla ya kutaja ugonjwa. “Bosi, maagizo ya mdomo yananipotea. Naomba kila kazi uniandikie WhatsApp, na saa unayoitaka.” Hakuna bosi anayekataa mfanyakazi anayetaka kuandikiwa. Omba pia kuwasilisha hati zako siku moja kabla kwa mtu anayezisubiri. Ukiona hivyo vinasaidia, huenda jina la ugonjwa lisihitajike kabisa. Likishatajwa halirudi, na ofisi zetu zina midomo.

Lakini wewe tayari una barua mbili. Hapo mizani hubadilika. Usingoje ya tatu ndipo utafute daktari, kwa sababu ripoti ya hospitali inayotangulia kikao cha nidhamu ina uzito ambao ripoti inayokifuata haina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya kupelekea malalamiko. Ukifukuzwa na ukaona umeonewa, una siku 30 tu za kufungua shauri. Nazitaja siku hizo kwa makusudi, kwa kuwa najua zinavyokwenda kwa mtu anayekumbuka kila siku: mpe mtu mwingine tarehe hiyo aishike, kaka au wakili, isibaki kichwani mwako.

Ukija kliniki, kwangu au kwa mwingine, njoo na ripoti za shule, barua zote mbili za onyo, majina ya dawa unazomeza sasa, na mume wako. Mwambie hajaitwa kuhukumiwa. Tunamhitaji kama shahidi. Hakuna mwingine aliyelala gizani pamoja nawe.